Je, Wajua? Goethe, Waziri Aliyetoroka Saa Tisa za Usiku

Je, wajua kwamba safari mashuhuri kuliko zote katika fasihi ya Kijerumani ilianza kwa mtu mzima kutoroka kazini? Tarehe 3 Septemba 1786, saa tisa za usiku, Johann Wolfgang von Goethe alipanda gari la farasi la posta mjini Karlsbad, ambao leo unaitwa Karlovy Vary na umo katika Jamhuri ya Cheki. Akashika njia ya kusini bila kumuaga yeyote. Siku chache kabla, marafiki walikuwa wamemfanyia sherehe ya kutimiza miaka 37. Walipoamka, mwenyewe hayupo.

Je, wajua alibeba nini? Begi moja na mkoba wa ngozi, basi. Na huyu hakuwa kijana mzururaji. Alikuwa waziri katika serikali ya Weimar, na riwaya yake ya Werther, iliyotoka mwaka 1774, ilikuwa imempa jina Ulaya nzima akiwa na miaka 25 tu. Siri ya safari aliijua mtumishi wake Philipp Seidel, aliyebaki nyuma kushughulikia barua. Bibi Charlotte von Stein, mwandani wake wa miaka mingi, hakuambiwa. Alinuna, na Goethe aliporudi mambo kati yao hayakuwa tena ya zamani.

Mshahara je? Haukukatwa. Karl August, mtawala wa Weimar, aliendelea kumlipa kwa karibu miezi 22 aliyokuwa nje. Likizo ya namna hiyo waajiri wa siku hizi wasiisikie.

Njiani alijiita Johann Philipp Möller, mara mfanyabiashara, mara mchoraji. Mjini Roma karani wa parokia alimwandika kitabuni kama Filippo Miller, Mjerumani, mchoraji, umri miaka 32. Jina la uongo, kazi nusu ya uongo, na miaka mitano imepunguzwa.

Tena mchezo huo hakuuanzia hapo. Desemba 1777 alikwenda peke yake katika milima ya Harz, kaskazini ya Weimar, akijiita Weber, na tarehe 10 ya mwezi huo akapanda Brocken katikati ya theluji. Leo kuna njia ya miguu inayotoka Torfhaus kwenda kileleni inayoitwa Goetheweg, yaani kila mtembezi anaambiwa jina ambalo mwenyewe alijitahidi kulificha.

Je, wajua kwamba kabla ya mwaka 1786 Italia ilikuwa imemponyoka mara tatu? Mwaka 1775 alifika kwenye kipito cha Gotthard, juu ya milima ya Alps, akageuka. Mwaka huohuo alianza tena safari, lakini mjini Heidelberg mjumbe akamkuta na habari kwamba anangojwa Weimar. Mwaka 1779 alikuwa Gotthard kwa mara ya pili, na mara ya pili akageuka.

Hamu hiyo aliirithi. Baba yake, Johann Caspar, alizuru Italia mwaka 1740 na akaandika kitabu kizima juu ya safari hiyo kwa Kiitaliano, kitabu ambacho hakikupigwa chapa hadi karne ya 20. Nyumbani kwao Frankfurt kuta zilikuwa na picha za Roma, na kulikuwa na gondola ndogo ya kuchezea ambayo baba alikuja nayo kutoka Venice. Watoto waliruhusiwa kuishika kwa nadra. Mwana alipoiona gondola ya kweli ikija majini, aliisalimu kama jamaa aliyepoteana naye muda mrefu.

Je, wajua abiria wake wa kwanza alikuwa nani? Binti wa miaka 11. Karibu na ziwa Walchensee, kusini mwa Munich, Goethe alimkuta mpiga kinubi akitembea na binti yake, akampakia mtoto garini. Mtoto alikuwa na soga za kutosha, na akamweleza kwamba kinubi chao hutabiri hali ya hewa: nyuzi zikipanda sauti zenyewe, kutakuwa na jua. Waziri akasikiliza kwa makini na kuandika.

Kipito cha Brenner, mlangoni mwa Italia, alikifikia jioni ya tarehe 8 Septemba. Reli ya kupita hapo ilifunguliwa mwaka 1867, miaka 81 baadaye.

Sasa tukae kidogo kwenye ziwa Garda, maana hapa ndipo msafiri wetu anapokuwa mtu wa kawaida kabisa. Kituo cha kwanza ni Torbole, ncha ya kaskazini ya ziwa. Nyumba ya wageni aliyofikia ilikuwa na milango isiyo na kufuli, na madirisha yaliyozibwa kwa karatasi ya mafuta mahali pa vioo. Goethe akauliza choo kiko wapi. Mtumishi akamwonyesha uani. Uani wapi? Popote upendapo, akajibiwa. Habari hii ameiandika mwenyewe katika kitabu chake cha safari hii, katika kurasa zilezile anazosimulia kwamba hapo Torbole aliendelea kuandika upya tamthilia yake ya Ifigenia.

Kesho yake, usiku haujaisha, akaondoka kwa mashua yenye wapiga makasia wawili. Ziwa Garda lina ratiba yake ya upepo: asubuhi huvuma kutoka kaskazini, mchana kutoka kusini, na wenyeji wameupa kila upepo jina, Pelér na Ora. Manahodha wetu waliokuwa wakingoja kusi na kaskazi kwa miezi wangelicheka kusikia pepo mbili zinapokezana ndani ya siku moja. Upepo ukawageuka kabla ya kufika walikokusudia, wakalazimika kutia nanga Malcesine.

Malcesine kuna ngome kuukuu kando ya maji. Goethe akaingia uani, hakukuwa na mlinzi, akaketi akaanza kuchora mnara. Mara akaja mtu, akaja mwingine, hatimaye kundi zima likamzunguka, na mmoja akaichukua karatasi akaichana. Kwani mpaka wa Austria ulikuwa karibu, Malcesine ilikuwa ya Jamhuri ya Venice, na mgeni anayechora ngome ya mpakani ni nani kama si jasusi wa Kaizari Joseph? Akaitwa mkuu wa mji, akaja na karani wake. Goethe akajitetea kwamba haya ni magofu tu, si ngome ya vita, na kwamba watu husafiri kutoka mbali kuja kutazama magofu. Hawakushawishika: mazuri ni magofu ya Warumi, haya yana nini?

Kilichomwokoa ni Frankfurt. Aliposema kwamba si raia wa Kaizari bali ametoka katika mji unaojitawala wenyewe kama Venice, wakamwita mzee mmoja, Gregorio, aliyewahi kufanya kazi huko Frankfurt kwa familia ya Kiitaliano ya Bolongaro. Wawili hao wakaanza kuulizana habari za familia za Kiitaliano za mji ule: fulani hajambo? Watoto wa fulani wameoa? Goethe alikuwa nazo habari zote. Mkutano ukageuka kuwa wa jamaa, na mshukiwa akaruhusiwa kutembea popote na kuchora atakacho. Kila aliyewahi kuzuiwa kituoni na kuachiwa kwa sababu askari ameuliza “kwenu wapi?” atakielewa kisa hiki bila mfasiri.

Leo ngome hiyohiyo ina chumba cha Goethe, na sanamu ya kichwa chake imewekwa ndani. Aliyenusurika kufungwa ndiye sasa anayeleta watalii.

Je, wajua kwamba Italia ya wakati huo ilihesabu saa karibu kama Waswahili? Goethe alikutana na jambo hili Verona na akalipenda sana. Giza likiingia kengele ya kanisani hulia, siku imekwisha. Mtumishi huingia chumbani na taa inayowaka na kuwatakia waliomo usiku mwema. Saa moja baada ya hapo ni saa moja. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa mara mbili, wala hashangai kusikia siku mpya inaanza magharibi.

Ila wao hawakukata mahesabu alfajiri na kuanza upya kama sisi. Waliendelea moja kwa moja hadi 24. Na hapo ndipo penye tabu. Sisi tuishio karibu na ikweta jua halituhamii: saa moja ya usiku ya Januari na ya Julai hazipishani sana. Italia jua la Juni huchelewa kuzama kwa masaa matatu na ushei kuliko la Desemba. Kwa hiyo adhuhuri haikuwa na namba ya kudumu: Desemba iliangukia takriban saa 19, Juni takriban saa 16, na saa za minarani zikawa za kurekebishwa mwaka mzima. Goethe alichora duara la kugeuza saa za Kiitaliano kuwa za Kijerumani akaliweka kitabuni, akatetea kwamba kwa watu wanaoishi nje barazani, kuhesabu kuanzia giza kuna maana kuliko kuhesabu kuanzia usiku wa manane ambao hakuna anayeuona. Mimi namwunga mkono, na nadhani msomaji pia.

Mjini Padua kuna mti unaoitwa kwa jina lake. Ni wa jamii ya mitende, majani yake ni ya umbo la pepeo, na ulipandwa mwaka 1585 katika bustani ya mimea ya chuo kikuu, iliyoanzishwa mwaka 1545 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1997. Goethe aliona kwamba majani machanga ya chini hayafanani kabisa na yale ya juu: linaanza jani jembamba kama mkuki, yanafuata yenye kupasukapasuka, na mwisho lile pepeo kamili. Akamwomba mtunza bustani amkatie mfululizo wote, akaondoka nao akautunza kwa miaka. Wazo kwamba sehemu zote za mmea ni jani moja linalobadilika sura lilizidi kumkolea alipofika Palermo, kisiwani Sicily, na mwaka 1790 akalitolea kitabu. Mti bado upo, ndani ya nyumba yake maalumu ya vioo. Kwa hiyo katika njia nzima ya Goethe kuna kiumbe hai kimoja unachoweza kukiona kama alivyokiona yeye. Mimi ningeliruka makanisa kadhaa kwa ajili yake.

Je, wajua kwamba mtu huyu, mwenye umri wa miaka 37 na waziri, alikuwa hajapata kuiona bahari? Aliiona mara ya kwanza Venice, mwisho wa Septemba 1786, kutoka juu ya mnara wa kanisa la Mtakatifu Marko. Siku chache baadaye akavuka kwenda kisiwa cha Lido, akatembea ufukweni akiokota makombe. Siku nyingine akainama kutazama jambo ambalo mtoto yeyote wa Bagamoyo au Lamu amelitazama hadi akachoka: kaa wakiwavizia wale konokono wa baharini wanaojibana mwambani. Kaa ananyatia, konokono anajibandika, kaa anaambulia patupu. Goethe anaandika kwamba alitazama kwa muda mrefu na hakuona kaa hata mmoja aliyefaulu.

Huko huko Venice alikodi waimbaji, wapiga makasia, ili asikie wakiimba beti za washairi Tasso na Ariosto kwa kupokezana, mmoja akiwa hapa na mwenzake mbali. Akagundua kwamba karibu sauti zinakwaruza. Uzuri uko kwa anayesikiliza akiwa katikati.

Florence, mji wa Michelangelo na Dante, aliupa takriban saa tatu. Ndiyo, saa tatu. Alikuwa na haraka ya Roma.

Assisi alifanya vituko zaidi. Watu wa dunia nzima huenda pale kwa ajili ya Mtakatifu Francis na picha za ukutani za mtindo wa Giotto. Goethe alilipita kanisa hilo kubwa kwa kulichukia, akaenda moja kwa moja kutazama hekalu la kale la mungu wa kike Minerva. Wahenga walisema msafiri kafiri. Alipokuwa akishuka kutoka mjini, askari wakamfuata wakimdhania mpiga magendo, na mmoja wao akamlaumu kwa kutomzuru mtakatifu. Ushahidi wa magendo ulikuwa huohuo: mgeni gani huja Assisi asiingie kwa Mtakatifu Francis?

Aliingia Roma mwisho wa Oktoba 1786. Akapanga kwa mchoraji Johann Heinrich Wilhelm Tischbein katika nyumba ya Via del Corso, namba 18, hatua chache kutoka Piazza del Popolo. Tangu mwaka 1997 ni makumbusho, Casa di Goethe.

Tischbein ndiye aliyemchora akiwa ameegemea mawe ya kale, kofia pana, joho jeupe. Picha hiyo iko Städel, Frankfurt, na ndiyo sura ya Goethe ambayo Wajerumani wengi huijua. Je, wajua kwamba ukiitazama miguu, yote miwili inaonekana ya kushoto? Nenda kahakiki.

Katika nyumba hiyo kulikuwa na sanamu kubwa ya jasi ya kichwa cha Jupita, mungu mkuu wa Warumi wa kale. Asubuhi moja mama mwenye nyumba alimwita Goethe mbiombio aje aone muujiza: paka wake anamwabudu Mungu Baba. Kweli paka alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele ameiweka kifuani pa sanamu, na uso wake ameuinua kwenye ndevu. Mama yule hakujua habari za Jupita. Kwake mzee mwenye ndevu wa ukubwa ule ni Mungu tu. Goethe alimwacha na mshangao wake. Mwenyewe aliwaza hivi: mafuta yaliyotumika kwenye kalibu yalikuwa yamebaki katika mikunjo ya ndevu, na pua ya paka imeyanusa.

Mwezi Februari 1787 akateremka Naples, na huko akapanda Vesuvius mara tatu katika mwezi mmoja. Mara ya pili, tarehe 6 Machi, alikuwa na Tischbein. Waongozaji wawili, mmoja mzee na mmoja kijana, walijifunga mikanda ya ngozi viunoni, na kila mgeni akashika mkanda wake akakokotwa juu kwenye jivu linaloteleza. Mlima ulikuwa ukitapika mawe kwa vipindi. Goethe akapima muda kati ya mlipuko na mlipuko, akaona unatosha kupanda hadi ukingo wa shimo na kushuka. Tischbein akabaki chini na mzee. Goethe na kijana wakakimbia juu, wakasimama ukingoni wakishangaa, na wakasahau kuhesabu. Ngurumo ikawashtua, mawe yakapita karibu yao, wakainama kana kwamba kuinama kungewasaidia. Walirudi kofia na mabega yamejaa jivu. Mwanasayansi ndani yake alikuwa amepiga hesabu vizuri. Aliyesahau kuhesabu ni mtalii. Vesuvius haijalipuka tena tangu mwaka 1944, na sasa kuna njia ya miguu hadi ukingoni.

Kutoka Naples alivuka kwa jahazi kwenda Sicily, na bahari ikamlevya. Siku nne alilala chini kitandani, mkate na divai vikiwa chakula chake, akiipanga kichwani tamthilia yake ya Tasso. Kwa ajili ya michoro alikuwa amemchukua kijana Christoph Heinrich Kniep, na ni mikono ya Kniep iliyofanya kazi wakati bwana yuko hoi.

Je, wajua alivyojibiwa Palermo alipouliza kwa nini mji mzuri hivi una barabara chafu? Mwenye duka akamwambia kwamba wanaohusika na usafi ni watu wazito, hawaulizwi fedha zimekwenda wapi. Kisha akaongeza utani: wakubwa wanataka zulia laini la takataka ili magari yao ya jioni yasirushwerushwe na mawe. Ilikuwa Aprili 1787. Sitaji miji.

Palermo hiyohiyo alifanya jambo ambalo lina utata. Tapeli mkubwa wa zama zile, Cagliostro, alijifanya mtu wa ukoo bora, kumbe alikuwa Giuseppe Balsamo, mtoto wa mafukara wa Palermo. Goethe akajifanya Mwingereza aliyekuja na salamu zake, akakaribishwa nyumbani kwa mama na dada wa tapeli. Dada akamweleza kwamba kaka yao aliondoka na deni lao na hajalilipa. Goethe aliondoka na aibu moyoni, na aliporudi Ujerumani akawapelekea fedha. Kwa kweli afadhali angesema ukweli toka mwanzo, lakini asingelikuwa na cha kuandika.

Syracuse, fahari ya Wagiriki wa kale, aliiruka. Alitaka kuona mashamba ya ngano ya bara, akapita katikati ya kisiwa kwa nyumbu. Huko Caltanissetta hapakuwa na nyumba ya wageni hata moja. Walikuwa na kuku waliyemnunua njiani lakini hawakuwa na mahali pa kumpikia, hadi mzee mmoja alipowapa jiko, kuni na vyombo. Jioni wakakaa uwanjani na wazee wa mji, nao wakamwuliza habari za Mfalme Frederick wa Prussia, waliyemhusudu. Mfalme alikuwa amefariki tangu Agosti ya mwaka uliopita. Goethe akaficha. Hakutaka kuwa mgeni aliyekuja na tanzia.

Kurudi Naples alichagua jahazi la Kifaransa, kwa sababu bendera ya Ufaransa ilikuwa kinga dhidi ya maharamia. Haikuwa kinga dhidi ya shwari. Karibu na kisiwa cha Capri upepo ukafa kabisa, mkondo ukaanza kulisogeza jahazi taratibu kwenye majabali, na abiria wakamgeukia nahodha kwa matusi. Goethe akasimama akawahutubia: mwacheni mtu afanye kazi yake, ombeni, mkumbuke dhoruba ya ziwa la Tiberia. Wanawake wakapiga magoti wakaanza litania. Yeye akateremka chini akalala, maana tumbo lilikuwa limeanza tena. Upepo ukaja kwa wakati.

Safari ilikwisha Juni 1788. Kitabu, Safari ya Italia, kilitoka sehemu mbili za kwanza mwaka 1816 na 1817, na ya tatu mwaka 1829, mwandishi akiwa na miaka 80. Wanaoshika kitabu hicho njiani kama ramani wakumbuke kwamba kijana anayesimulia amepitia mikono ya mzee.

Na ule wimbo wa Mignon, wa nchi ya milimau, ambao watalii Wajerumani huukumbuka wakivuka Alps? Aliutunga kabla hajaiona Italia.

Upande wa pili, lile onyesho la jiko la mchawi katika tamthilia yake ya Faust, lenye giza na moshi wa kaskazini, aliliandika Roma, kwenye bustani ya Villa Borghese.

Je, wajua kwamba aliwahi kuchora kaburi lake mwenyewe? Mwanzoni mwa mwaka 1788 alichora mahali ambapo angependa kuzikwa, chini ya piramidi ya Cestius mjini Roma, penye makaburi ya wageni wasio Wakatoliki. Akarudi Weimar, akapata mwana, August. Oktoba 1830 August alikuwa Roma, akafuata nyayo za baba na babu yake. Akafia huko, akazikwa karibu na piramidi ileile. Jiwe la kaburi, kwa Kilatini, linasema amelala hapa Goethe mwana, aliyemtangulia baba yake, akiwa na miaka 40. Jina la August halimo. Baba aliishi hadi Machi 1832.

Waliomfuata ni wengi, na bora wao, kwa maoni yangu, ni Johann Gottfried Seume. Desemba 1801 alitoka Saxony kwa miguu, akaenda hadi Syracuse aliyoiruka Goethe, akarudi mwaka 1802, na akamshukuru kwa jina fundi wake wa viatu.

Wajerumani wenyewe wamechoka kidogo na vibao vya “Goethe alikaa hapa”. Mjini Tübingen, jirani na nyumba aliyofikia mwaka 1797 yenye kibao cha heshima, wanafunzi wamebandika chao: hapa Goethe alitapika.

Na mwandishi wa Kijerumani ambaye nyayo zake zinaanzia Unguja yuko. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Naye aliondoka kwa siri usiku, mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, akawa Emily Ruete. Kumbukumbu zake aliziandika kwa Kijerumani na zikatoka mwaka 1886, miaka 100 kamili baada ya Goethe kutoroka Karlsbad. Alifia mwaka 1924 mjini Jena, ambako Goethe alikuwa akienda mara kwa mara kuandika na kuchunguza mimea, mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka Weimar. Magofu ya Mtoni yapo kando ya barabara ya Bububu, na nauli ya daladala haizidi ya kwenda Brenner.

Lakini ukiipata nauli ya Brenner, panda treni ya Munich kwenda Verona, shuka Rovereto uchukue basi la ziwani, na Malcesine chora ngome utakavyo, hawachani tena karatasi. Padua nenda kwenye mti kabla ya kanisa. Roma usipite Via del Corso bila kuuliza namba 18. Na Florence usimwige Goethe hata kidogo: kaa angalau siku mbili.